Kinu Kipatapo Mwenye Mpya: Ari ya Mwanzilishi Hubadilika Vipi?

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua ni ya msimu mmoja. Hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mji wa Dodoma kwa wastani hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo nafaka ni jambo la uhai, na anayeinunua, anayeihifadhi au anayeisaga hushika sehemu ya maisha ya jirani zake. Kinu kikisimama mwezi wa Februari, wakati vihenge vya nyumbani vimekaribia kuwa vitupu, hasara haimwishii mwenye kinu peke yake. Huonekana jioni ileile katika chungu cha kila nyumba.

Ndiyo maana swali linalochunguzwa katika makala haya si la matajiri peke yao. Mtu aanzishapo kinu, karakana, au kampuni changa ya kutengeneza programu za simu, kwa kawaida huifanya kazi hiyo kwa bidii isiyolipwa na mtu yeyote. Huamka usiku kusikiliza kama mashine inanguruma sawasawa, na huweza kukaa miezi mingi bila mshahara ili wasaidizi wake walipwe. Sasa, biashara hiyo inaponunuliwa au kuchukuliwa na mwingine, na mwanzilishi akaombwa abaki kuiendesha, bidii hiyo huwaje? Je, huongezeka kwa kuwa amepata fedha na utulivu? Hupungua kwa kuwa mali si yake tena? Au hubaki, lakini ikageuka kuwa bidii ya namna nyingine?

CHEMCHEMI TATU

Wataalamu wa elimu ya nafsi hutenganisha ari za aina mbili. Ari ya nje hutokana na kitu kilicho nje ya kazi yenyewe, kama vile mshahara, cheti, sifa au hofu ya adhabu. Ari ya ndani hutokana na kazi yenyewe: mtu huifanya kwa sababu inampa furaha, inamkuza, au anaiona kuwa yake.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, Edward Deci, alichapisha matokeo ya jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vipande saba vinavyoweza kuunganishwa kufanya maumbo mbalimbali. Katika awamu ya kwanza hakuna aliyelipwa. Katika awamu ya pili kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo lililokamilika, na kundi la pili halikulipwa. Katika awamu ya tatu malipo yaliondolewa. Kila mara Deci alitoka chumbani kwa dakika 8, akawaacha wanafunzi huru kufanya watakalo, huku akiwaangalia kwa siri. Wale waliokuwa wamezoeshwa malipo walielekea kuviacha vipande vile, ilhali wenzao ambao hawakuwahi kulipwa waliendelea kuvichezea.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walipata matokeo ya jamaa moja na hayo kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Watoto walioahidiwa cheti ili wachore walionekana, wiki moja au mbili baadaye, kuchora kwa hiari muda unaokaribia nusu tu ya ule wa wenzao. Wahenga wa pwani walikwisha kuliona jambo lililo jirani na hilo waliposema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo wataalamu waliopinga, wakisema kwamba zawadi hazidhuru kila mahali. Hata hivyo, mwaka 1999 Deci na wenzake wawili walikusanya majaribio 128, wakaonyesha kwamba zawadi ya vitu iliyoahidiwa kabla ya kazi huelekea kupunguza ari ya ndani, hasa mpokeaji anapoiona kuwa ni kamba ya kumwongozea.

Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea kuuliza ari ya ndani hulishwa na nini. Katika kitabu chao cha mwaka 1985 na maandishi yaliyofuata walieleza mahitaji matatu ya msingi. La kwanza ni uhuru wa kuamua: mtu aone kwamba atendalo linatoka kwake. La pili ni umahiri: aone kwamba juhudi yake inazaa matokeo. La tatu ni uhusiano: ajisikie kuwa mmoja wa watu wanaothaminiana. Mahitaji hayo yaweza kufananishwa na chemchemi tatu zinazojaza kisima kimoja. Mwanzilishi wa biashara, hata akiwa maskini, huwa nazo zote tatu: huamua mwenyewe, huona matokeo kwa macho yake, na huishi na wafanyakazi na wateja anaowajua kwa majina.

Kununuliwa kwa biashara hakuzigusi chemchemi hizo kwa namna moja. Uhusiano huweza kubaki, na umahiri pia. Ile inayokauka kwanza mara nyingi ni chemchemi ya uamuzi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na historia ya Tanzania yenyewe ina mifano ya kulipima.

KUTOKA BUKENE HADI SHIRIKA LA TAIFA

Bukene ni mji mdogo wenye kituo cha reli ya Tabora kwenda Mwanza, katika Wilaya ya Nzega, upande wa magharibi wa uwanda wa kati. Hapo ndipo alipokulia Jayantilal Keshavji Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Biashara ya familia hiyo ilianzia katika mazao ya wakulima wa maeneo hayo. Baadaye ilikua hadi kuwa kampuni kubwa ya vinu iliyoitwa Chande Industries, na kijana yule akawa mmoja wa viongozi wake.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Katika siku chache zilizofuata serikali ilitaifisha mabenki, na pia kampuni kadhaa za kusaga nafaka, Chande Industries ikiwa miongoni mwao. Fidia iliahidiwa, lakini umiliki ulikwisha. Kisha likatokea jambo linalofaa kuangaliwa sana: mtu aliyenyang'anywa kampuni ndiye aliyetakiwa abaki kuviendesha vinu, safari hii akiwa mtumishi wa umma. Chande alikubali. Vinu vilivyotaifishwa viliunganishwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa herufi NMC, lililoundwa mwaka 1968, naye akawa meneja wake mkuu.

Tofauti yafaa ikumbukwe. Mwanzilishi wa leo anayeuza kampuni yake huuza kwa hiari na hupokea bei waliyoafikiana, hali utaifishaji ni amri ya serikali. Tena Chande alikuwa mrithi na mjenzi wa kampuni ya familia, si mwanzilishi wake pekee. Lakini kwa upande wa elimu ya nafsi mambo mawili hayo yanafanana mahali muhimu: mtu yuleyule, vinu vilevile, wafanyakazi walewale, ila mwenye mali ni mwingine. Ni kama jaribio ambalo ndani yake kitu kimoja tu kimebadilishwa.

Chande hakuiacha nchi, ijapokuwa wengi wa hali yake waliondoka. Aliongoza shirika lile kwa miaka kadhaa, kisha akatumikia katika bodi za mashirika mengine ya umma na katika shughuli za shule na misaada hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2017. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2005 kina jina la Bukene katika anwani yake. Maisha hayo yaonyesha kwamba ari ya mjenzi huweza kuuvuka mwisho wa umiliki. Ikitazamwa kwa nadharia ya chemchemi tatu, sababu yake si ngumu kuiona. Alipoteza mali, lakini alikabidhiwa madaraka ya kuendesha kazi anayoijua, tena kubwa kuliko ile ya kwanza, na kazi hiyo ilipewa maana mpya, yaani kulisha taifa. Umiliki uliondoka na sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki.

LITOWA, 1969

Mfano wa pili watoka kusini mwa nchi. Umechaguliwa kwa sababu ulitokea miaka miwili tu baada ya ule wa kwanza, chini ya serikali ileile, lakini ukaishia kwingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa TANU kilianzisha kijiji cha Litowa katika Wilaya ya Songea, Ntimbanjayo Millinga akiwa miongoni mwa viongozi wao. Walilima pamoja, wakagawana mavuno, na wakaanzisha shule yenye mafunzo yaliyofungamana na maisha ya kijiji. Vijiji vingine viliwafuata, na vyote vikaungana katika jumuiya ya maendeleo ya Ruvuma. Jumuiya hiyo ilifika hatua ya kuwa na kinu chake cha nafaka na kiwanda cha mbao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu, na mawazo yao yalichangia sera ya vijiji vya ujamaa.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba jumuiya hiyo ivunjwe na kazi zake zichukuliwe na chama na serikali. Mali zilichukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishiwa shule nyingine, na viongozi wakatawanyika. Hakuna aliyekatazwa kuendelea kulima. Ardhi ilibaki palepale na majembe yalibaki. Hata lengo lililotangazwa lilikuwa lilelile, yaani ujamaa vijijini. Lakini kazi ya pamoja ilififia, na moyo uliokuwa umevifanya vijiji vile kuwa mfano haukurejea.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja hutoa fundisho lisilotarajiwa na wengi. Chande alikuwa mfanyabiashara, na ingeweza kudhaniwa kwamba mali ndiyo iliyomsukuma. Alipoipoteza mali, aliendelea na kazi. Waanzilishi wa Litowa hawakuwa wakitafuta faida ya mtu binafsi. Ingeweza kudhaniwa kwamba mabadiliko ya mwenye mali hayangewagusa, lakini ndio waliovunjika moyo. Kilichotofautiana ni mahali pa uamuzi. Bukene ilimtoa mtu aliyenyimwa mali akaachiwa usukani. Litowa iliwatoa watu walioachiwa majembe wakanyimwa usukani.

MASHINA YA USHIRIKA

Uwanda wa kati ulionja jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Vyama vya ushirika vilikuwa vimejengwa kwa michango na mikutano ya wakulima, ingawa havikuwa bila dosari: kamati maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta uongozi mbaya na ubadhirifu katika vyama vingi. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu, na shirika lilelile la NMC likakabidhiwa kununua nafaka moja kwa moja kutoka vijijini. Bei ilipangwa kitaifa, na makarani, malori na maghala vilitawaliwa kutoka mbali.

Hapo meneja na mkulima walipatwa na ugonjwa mmoja. Meneja hakupanga bei ya kununulia wala ya kuuzia, kwa hiyo juhudi yake haikuonekana katika hesabu. Mkulima hakuwa tena mwanachama mwenye sauti mkutanoni, bali mleta magunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika lilikuwa limezama katika madeni, na mwaka 1982 sheria mpya ilirudisha vyama vya ushirika. Hapana shaka sababu za madeni hayo zilikuwa nyingi, zikiwamo ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta na uhaba wa malori. Lakini somo la ari limo ndani yake: sheria iliweza kuvirudisha vyama kwa siku moja, ilhali imani ya mwanachama kwamba chama ni chake hujengwa upya kwa miaka mingi.

KAMPUNI CHANGA ZA SIKU HIZI

Katika miaka hii swali hili limepata sura mpya kwa sababu ya kampuni changa za teknolojia. Kampuni kubwa inaponunua kampuni changa, mara nyingi hununua pia miaka kadhaa ya mwanzilishi. Sehemu ya bei huzuiliwa, au hutolewa kwa hisa zinazokomaa kidogokidogo, ili mwanzilishi asiondoke mapema. Kwa lugha ya Deci, hiyo ni zawadi iliyoahidiwa kabla ya kazi. Kazi aliyokuwa akiifanya bure kwa mapenzi sasa ina kalenda ya malipo.

WhatsApp ni mfano unaojulikana. Ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, na mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua kwa kiasi cha dola bilioni 19. Waanzilishi walibaki kazini, lakini wakatofautiana na mwenye mpya kuhusu matangazo ya biashara na siri za watumiaji. Acton aliondoka mwaka 2017 na Koum mwaka 2018, wote wawili kabla hisa zao zote hazijakomaa. Acton mwenyewe alieleza kwamba aliacha nyuma hisa za thamani ya kiasi cha dola milioni 850. Fedha nyingi kiasi hicho zilishindwa kujaza chemchemi iliyokauka.

Mfano wa namna nyingine ni Paystack ya Lagos, kampuni ya malipo iliyoanzishwa mwaka 2015. Mwaka 2020 ilinunuliwa na Stripe ya Marekani kwa zaidi ya dola milioni 200. Kampuni iliachiwa jina lake na uendeshaji wake, na mwanzilishi Shola Akinlade akaendelea kuiongoza.

Yafaa pia ieleweke kwamba usukani huweza kuponyoka hata kabla ya kampuni kuuzwa. Mtafiti Noam Wasserman alichunguza kampuni changa 212 za Marekani, na mwaka 2008 akaeleza kwamba kufikia mwaka wa tatu nusu ya waanzilishi hawakuwa tena wakurugenzi wakuu wa kampuni zao. Alionyesha kwamba mwanzilishi mara nyingi hulazimika kuchagua: kupata mtaji mkubwa na kupunguziwa madaraka, au kubaki na madaraka katika kampuni ndogo.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na shughuli za serikali zimehamia mjini humo kwa wingi tangu mwaka 2016. Vijana wa huko wanaosomea teknolojia wanafunzwa jinsi ya kuanzisha kampuni. Yafaa wafunzwe pia kusoma mkataba wa kuiuza. Mathalani, kijana aliyebuni programu ya simu inayowajulisha wakulima bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa akijiwa na mnunuzi, swali lake la kwanza huwa ni bei. Maswali mengine matatu yana uzito uleule. Baada ya mauzo, ni mambo gani ataendelea kuyaamua bila kuomba ruhusa? Matokeo ya kazi yake yatapimwa kwa kipimo gani, na je, yeye anakiamini? Na wale aliofanya nao kazi tangu mwanzo watakuwa wapi? Mnunuzi mwenye busara naye hujiuliza hayo, kwa maana kama alichokinunua ni ubunifu wa mtu, kumfunga mikono mtu huyo ni kuiharibu mali aliyoilipia.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wa sekondari waweza kuiga jaribio la Deci kwa gharama ndogo. Kata mraba wa kadibodi katika vipande saba vya pembetatu na pembenne, na uandae vifurushi vya kutosha pamoja na michoro ya maumbo ya kutengeneza. Gawa wanafunzi 20 katika makundi mawili kwa kura, si kwa hiari yao wala kwa alama zao za mitihani.

Siku ya kwanza makundi yote yatengeneze maumbo bila zawadi. Siku ya pili kundi A liahidiwe penseli moja kwa kila umbo, kundi B lisiahidiwe kitu. Siku ya tatu zawadi isiwepo kwa yeyote. Kila siku, katikati ya kipindi, mwalimu atangaze mapumziko ya dakika 8 na kuweka magazeti mezani, na mwangalizi aandike ni sekunde ngapi kila mwanafunzi aliendelea kuvichezea vipande kwa hiari. Tafuta wastani wa kila kundi kwa kila siku, kisha chora grafu.

Kwanza, kwa nini makundi yagawanywe kwa kura? Pili, kundi B lina kazi gani kama halifanyiwi lolote? Tatu, je, wanafunzi 20 watosha kuthibitisha jambo, au jaribio lirudiwe katika darasa jingine? Wanafunzi waelezwe lengo mara jaribio likiisha, na kundi B lipewe penseli zake pia. Darasa likipata matokeo yanayopingana na ya Deci, yasifichwe wala yasirekebishwe. Yaandikwe jinsi yalivyo, kisha itafutwe sababu: huenda mchezo haukuwa na mvuto tangu mwanzo, na pasipo ari ya ndani hapana cha kupunguzwa.